Jinsi ya kuitambua familia ya bakwiti: anza na kifundo, ua baadaye

Kila mara kuna mtu ananitumia picha ya kaua kadogo ka pinki kalikoungua na mwanga, anauliza huu mmea gani, na mimi namjibu kitu kilekile: rudi kapige picha ya shina. Anadhani namzungusha. Simzungushi jamani, ni kwamba kwenye familia hii ua ni dogo sana na linafanana na mengine kibao, ila shina linasema ukweli mapema kabisa, hata kabla mmea haujatoa ua lolote.

Kitaalamu inaitwa Polygonaceae, ina jenasi (vikundi vya mimea ndugu ndani ya familia) kama 50 na spishi (aina moja moja za mimea) kama 1,200 hivi, kuanzia magugu yanayotambaa chini pembeni mwa njia mpaka miti mirefu ya msituni. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Antoine Laurent de Jussieu, ndiye aliyeipa jina mwaka 1789, na jina lenyewe lina asili ya Kigiriki, poly ni nyingi na gony ni goti, kwa hiyo kwa tafsiri iliyozoeleka ni "magoti mengi". Sasa kama mpaka jina linakwambia tazama magoti, yaani vifundo vya shina, wewe unakimbilia ua la nini?

Halafu kitu kingine tukiweke sawa mapema. Bakwiti (Fagopyrum) inasagwa unga ndio maana watu wanaihesabu pamoja na ngano, lakini si ngano na wala haina undugu na nyasi. Ndugu zake wa karibu ni hao tutakaowaona hapa, na ukitoka nje ya familia, jirani zake ni akina mchicha na karafuu za bustanini zile za maua, wote wako kwenye oda moja (kundi linalokusanya familia kadhaa) ya Caryophyllales.

Vitu vya kubeba

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, wembe, kibano chembamba, mifuko michache, bahasha ndogo za karatasi, penseli. Simu unayo tayari. Kama huna lenzi unaweza kupiga picha kwa simu ukaikuza ila kiukweli utapata tabu kwenye nywele za kifundo, lenzi ni bora mara mia.

Hatua ya 1: tazama majani yamekaaje

Majani ya familia hii karibu yote yanakaa kwa kupishana, moja huku moja kule, siyo mawili mawili yanayotazamana. Ukikuta mmea una mafundo yaliyovimba vizuri kabisa lakini majani yametazamana jozi jozi, simama hapo, uwezekano mkubwa uko kwenye familia ya karafuu za bustanini (Caryophyllaceae), nao wana magoti na huwa wanawachanganya watu sana. Majani pia huwa ni mazima, hayajagawanyika vipande vipande kama ya muhogo, ingawa wapo wabishi kama Rheum palmatum, ndugu wa rubabi, ambaye jani lake limekatwakatwa kama kiganja.

Kuna kitu kizuri kwenye jani changa, lile ambalo bado halijafunguka. Kingo zake mbili zinakuwa zimejiviringisha kwa nyuma, kuelekea upande wa chini wa jani. Siyo ushahidi wa kukufunga jela lakini unasaidia.

Hatua ya 2: kifundo, na hapa usiwe na haraka

Shika shina pale jani linapotokea. Mimea mingi ina vijani viwili vidogo pembeni mwa kikonyo, vinaitwa stipuli. Kwenye familia ya bakwiti hivyo viwili vimeungana vikawa kimfuko kimoja kinachozunguka shina lote, kama ala ya kisu, au kama soksi iliyopandishwa juu ya kifundo cha mguu. Kinaitwa okrea. Hicho ndicho kitambulisho, ukikiona umemaliza kazi kubwa.

Sasa kiangalie kwa mpangilio huu. Kwanza, kiko juu ya kikonyo, kikonyo cha jani kinajishikiza chini yake au ubavuni mwake, na kimfuko kinaendelea kupanda juu kikilizunguka shina. Hii ndiyo tofauti yake na nyasi, maana nyasi nazo zina ala inayofunga shina, ila kule ala ni sehemu ya jani lenyewe na bapa la jani linachomoza kwenye ncha ya juu ya ala. Commelina, lile gugu la maua ya bluu, nayo ni hivyohivyo, ala ni kitako cha jani, halafu mishipa ya jani inakwenda sambamba, ukiona mishipa sambamba achana nayo. Mtini na mkuyu kijani kinachofunika chipukizi kinadondoka kinaacha alama ya pete kuzunguka tawi, watu wanaiona ile pete wanashangilia okrea, lakini mkate kidogo uone utomvu mweupe unavyochuruzika, familia ya bakwiti haina utomvu mweupe.

Pili, kimetengenezwa na nini. Kuna laini kama karatasi ya kitunguu, kuna kinachong'aa rangi ya fedha, kuna cha kahawia kigumu, kuna cha kijani. Tatu, ukingo wake wa juu. Hapa ndipo lenzi inalipa. Persicaria maculosa, mmoja wa familia hii, ukingo wake umepangwa nywele ndefu zimesimama kama kope za jicho, wakati Persicaria lapathifolia ambayo ukiitazama kwa mbali ni pacha wake, ukingo ni mtupu au una nywele fupi za kubahatisha. Watu wanatumia lile doa jeusi katikati ya jani kuwatenganisha, msifanye hivyo, wote wawili wanaweza kuwa nalo na wote wawili wanaweza kulikosa. Bakwiti yenyewe okrea yake imekatwa mshazari, haina nywele ndefu ukingoni. Polygonum aviculare, lile gugu linalotambaa chini sehemu zinazokanyagwa na watu, ana okrea ya rangi ya fedha inayochanika mapema ikabaki kama tambara.

Na hapo kwenye kuchanika ndipo nilipopigwa mimi mwanzoni. Nilikata shina la Rumex (jenasi nyingine ya familia hii, tutaifikia) kubwa, nikaangalia vifundo vya chini vyote vitatu, hakuna kitu, ni ngozi kavu tu imebanduka, nikaandika "sio" nikautupa. Wiki ya pili nikaupita mwingine nikainua jicho juu kwenye ncha, okrea hiyo hapo safi kabisa, nyeupe, imemfunika mtoto wa jani kama blanketi. Kwa hiyo kanuni ni moja, anza kuangalia kwenye ncha changa ya juu, kule chini okrea huwa imeshaoza au imechanika au imedondoka.

Kuna kundi moja linakiuka kabisa: Eriogonum na ndugu zake wa Amerika Kaskazini. Wako spishi kama 250, yaani jenasi kubwa kuliko zote kwenye familia, na hawana okrea. Huko itabidi uende na ua na tunda, na utakuta vikundi vya maua vimekaa ndani ya kikombe kidogo cha kijani. Kama wewe haupo maeneo hayo basi usihangaike na kundi hilo.

Hatua ya 3: ua, fasta

Usipoteze saa nzima hapa. Fungua ua moja kwa kibano, weka juu ya kucha ya kidole gumba, hesabu. Hutakuta sepali za kijani na petali za rangi kama ulivyofundishwa shuleni, vipande vyote vinafanana na vinaitwa tepali. Zikiwa 5 uko upande wa bakwiti na Persicaria na Polygonum. Zikiwa 6, zimepangwa 3 nje na 3 ndani, uko upande wa Rumex au Rheum, na hao wawili unawatenganisha kwa stameni (vijiti vyenye chavua): Rumex 6, Rheum kawaida 9. Bakwiti ina 8.

Ukiwa na bakwiti iliyochanua fanya hiki kitu, ni kizuri sana. Chukua maua kutoka kwenye mimea tofauti kama 10 hivi, siyo mmea mmoja. Utagundua kuna mimea ambayo mitindo (vile vijiti 3 vya katikati vyenye stigma) ni mirefu na stameni ni fupi, na kuna mingine ni kinyume chake, stameni ndefu mitindo mifupi. Ni spishi ileile. Chavua ya ua la mtindo mrefu inatakiwa iende kwa la mtindo mfupi na kinyume chake, ikitua kwa mwenzake wa aina moja haifanyi kazi, ndio maana mmea mmoja wa bakwiti ukiuotesha peke yake kwenye kopo utachanua weee na punje hupati. Fagopyrum tataricum yeye hana mambo hayo, maua yake ni ya aina moja na anajichavusha mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta shamba ambalo maua yote ni sawa, madogo, ya kijani kijani, fikiria huyo.

Hatua ya 4: tunda, na mkato wa wembe

Tunda la familia hii mara nyingi ni kavu, lina mbegu moja tu, na lina pembe tatu. Liviringishe kati ya vidole, utahisi kingo. Lakini angalizo, ndago na ndugu zake pia wana vipunje vya pembe tatu, na hata shina la ndago lina pembe tatu, basi ukiangalia tunda peke yake utaingia mkenge. Tunda lazima liende pamoja na kifundo. Na kuna wa familia hii hii ambao tunda lao si la pembe tatu bali bapa, limebonyea pande mbili kama dengu, Persicaria lapathifolia ni mmoja wao.

Chukua punje moja ya bakwiti iliyokomaa, ganda la kahawia iliyokolea au jeusi, ikate katikati kwa upana na wembe mkali (taratibu, inateleza, mimi nilishajikata). Ndani utaona unga mweupe umejaa, na katikati ya ule weupe kuna mstari wa rangi ya kimanjano au kijani hafifu uliojikunja kama herufi S. Hayo ndiyo majani mawili ya kwanza ya mtoto wa mmea, yamekunjwa humo ndani yanasubiri. Ukikata punje ya ngano huoni hicho kitu, mtoto wa ngano amebanwa pembeni upande mmoja. Kama kuna mtu bado anabishana na wewe kwamba bakwiti ni aina ya ngano, mpe wembe na punje mbili akate mwenyewe.

Halafu usilitenge tunda na kile kilicholifunga. Kwenye familia hii tepali hazidondoki baada ya kuchavushwa, zinabaki, na zinageuka kuwa kitu kingine, na hicho kitu ndicho kinachokupeleka kwenye jenasi. Kwenye Rumex zile 3 za ndani zinakua zinakuwa mabawa yaliyolikumbatia tunda, na mara nyingi mgongoni mwa bawa kuna uvimbe kama punje ya mchele. Hesabu vile vivimbe na utazame kingo za mabawa: Rumex crispus kingo ni laini, Rumex obtusifolius kingo zina meno meno na kwa kawaida uvimbe mmoja tu ndio uliokomaa vizuri. Kwenye miti ya Triplaris tepali 3 za nje zinarefuka zinakuwa panga za helikopta, tunda linadondoka linazunguka hewani. Kwenye Coccoloba uvifera wa fukweni mwa Amerika ya kitropiki kile kifuniko kinanenepa kinakuwa na nyama, vinaning'inia vishada kama zabibu. Oxygonum sinuatum yeye tunda lake limeota miiba mitatu katikati, ukimkanyaga peku hutahitaji lenzi.

Hatua ya 5: mpe jenasi

Sasa unganisha. Sitaandika ufunguo mrefu wa kitaalamu hapa, nitasema ninavyofanya mimi nikiwa nimesimama njiani.

Najiuliza kwanza, unapanda au haupandi? Kama unapanda kwa kujisokota shina lote kwenye mmea mwingine na jani lake ni la umbo la moyo au mshale, nafikiria Fallopia. Fallopia convolvulus ndiye anayeingia kwenye mashamba na majani yake yanafanana na ya bakwiti kupitiliza, ila bakwiti inasimama yenyewe, na tunda la bakwiti linachungulia nje ya tepali wakati la Fallopia limefunikwa. Kama unapanda kwa kutumia vikono vya kujishikizia vinavyotokea mwishoni mwa shada la maua, na maua ni pinki ya kung'aa, huyo ni Antigonon leptopus, asili yake Mexico, amepandwa kwenye bustani za nchi nyingi za joto na akiachiwa anafunika uzio mpaka huoni uzio.

Haupandi, basi maua yako wapi. Yamejificha kwenye makwapa ya majani (pale jani linapokutana na shina), mawili matatu, mmea unatambaa: Polygonum. Yamekaa kwenye ncha kama mkia mnene wa pinki au mweupe: Persicaria. Yako kwenye mashada marefu ya kijani yanayogeuka kahawia kama kutu, majani makubwa chini: Rumex. Majani makubwa kama sinia na vikonyo vinene vyenye rangi nyekundu: Rheum, ambaye ndani yake yupo rubabi wa kuliwa. Huyo wa Rheum ana ndugu mmoja wa ajabu huko Himalaya, Rheum nobile, anaishi zaidi ya mita 4,000 juu na amejijengea majani ya juu mepesi ya manjano yanayopitisha mwanga, maua yako ndani kama yako kwenye banda la nailoni la mkulima. Sijawahi kumwona kwa macho ila nikipata nauli siku moja najua nakwenda wapi.

Kuonja, nashauri uache

Wapo wanaofundisha kutambua kwa ulimi, kwamba Rumex ni mchachu na Persicaria hydropiper anawasha kama pilipili. Ni kweli vyote viwili. Lakini ule uchachu ni asidi ya oksali, na rubabi ni mfano mzuri wa kwa nini usicheze nayo: kikonyo kinaliwa, bapa la jani lina sumu, ni jani lilelile moja. Mwenye historia ya mawe kwenye figo ndio kabisa. Kifundo kimeshakwambia ni familia gani, ulimi unautakia nini?

Mmoja usimbebe

Ukikutana na mmea umeota msitu mzima, mashina mashimo ndani kama mwanzi mdogo yana madoa ya zambarau, unapita urefu wa mtu, majani mapana yaliyokatwa bapa chini, maua meupe meupe madogo: hiyo ni Reynoutria japonica. Ilipelekwa Ulaya kutoka Japani na daktari na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Philipp von Siebold, kama ua la bustani, bustani ya Kew huko London ikapata mche wake mwaka 1850, na leo Uingereza wanapigana nayo na sheria yao ya 1981 inakataza kuipanda porini. Inatisha kwa sababu kipande cha mzizi wake chenye uzito usiofika gramu moja kinaweza kuota mmea mpya. Basi huyu mpige picha, andika sehemu, kung'uta viatu, kwisha. Usikate sampuli ukaja kutupa mabaki nyuma ya nyumba.

Rumex nao usiwatupe hovyo wakiwa na mbegu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea wa Marekani, William James Beal, alifukia chupa zenye mbegu kule Michigan ili zifukuliwe kidogo kidogo, na miaka 80 baadaye bado kulikuwa na mbegu za Rumex crispus zilizoota. Kwa hiyo ukikung'uta mfuko wako bustanini umemwachia mjukuu palizi.

Hatua ya 6: kuhifadhi sampuli

Chukua kipande chenye vitu vinne: ncha changa, angalau kifundo kimoja kizima, ua, na tunda lililokomaa. Rumex asiye na tunda lililokomaa usijisumbue kumtafutia jina la spishi, hasa kwa vile wanapenda kuzaana wao kwa wao na unapata machotara yasiyoeleweka. Laza kati ya magazeti, geuza jani moja uonekane upande wa chini, weka uzito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka ikauke. Kabla ya kulaza piga picha ya okrea kwa karibu, maana ikikauka inavunjika kama ganda la yai.

Andika tarehe, mahali, urefu wa mmea, rangi ya ua likiwa bichi, kama palikuwa na maji au pakavu. Matunda ya ziada yatie kwenye bahasha ndogo yenye namba ileile ya sampuli, kwa sababu yakiwa ndani ya gazeti yatapukutika yote, na siku unapokuja kuhesabu vile vivimbe vya Rumex utakuwa na shina kavu tu na vumbi mkononi.